Kibaha Bila Treni: Barua kutoka Køge

Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, iko kilomita 40 hivi magharibi mwa Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro. Ardhi yake ni ya kichanga, yenye vilima vifupi na mikorosho. Wajerumani walioanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 waliipitisha kusini mwa mji, kupitia Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907. Mji ukarukwa, na hadi leo hakuna aliyeona haya.

Kilichoukuza ni elimu. Katika miaka ya 1960 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilifadhili shule ya sekondari, huduma ya afya katika eneo la Tumbi na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Shule hiyo imelea vichwa vingi, na baadhi yao sasa wanalipa kodi Ulaya, mwandishi wa barua hii akiwa mmojawapo.

Kisha Dar ikafurika: watu 4,364,541 mwaka 2012, watu 5,383,728 mwaka 2022. Waliokosa kiwanja Kimara walisogea Mbezi, wa Mbezi wakasogea Kibamba, hatimaye wakafika Maili Moja na Picha ya Ndege, mitaa ya Kibaha. Alfajiri kituoni Maili Moja konda anagonga bati, kijana anapenya dirishani kuwahi siti, na mama mwenye kikapu anabaki chini akisubiri gari lijalo. Jioni anarudi watoto wamekwisha kulala. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kila upande wa barabara, kuanzia Kimara, zilipigwa X nyekundu na kubomolewa. Barabara ikapanuliwa hadi njia nane. Magari yakaongezeka, foleni ikabaki.

Køge, mji wa Denmark ninakoandikia barua hii, nayo iko kilomita 40 hivi kutoka Copenhagen. Mwaka 1947 wapangaji wa Denmark waliamua kwamba jiji litanuke kwa kufuata reli, kama vidole vya mkono. Mwaka 1961 ikatungwa sheria ya kupanga ukanda wa Ghuba ya Køge, na treni ikasogezwa kidogo kidogo hadi ikafika Køge mwaka 1983. Siku za kazi mchana inaondoka kila dakika 10. Ndiyo Denmark ile ile iliyosaidia kujenga Tumbi. Majengo yake Kibaha iliyapokea. Utaratibu wake wa kupanga kwanza haukuombwa na mtu.

Kibaha inauza viwanja kwanza. Baadhi ya wanunuzi ni wana wake walioondoka: wanatuma pesa, wanazungusha ukuta, nyasi zinaota, na mji unazidi kutapakaa. Wanaolalamikia foleni kwa simu kutoka ng'ambo wangeanza na kuta hizo.

Dawa ya foleni ipo Soga. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro, na Soga ina stesheni. Inatakiwa treni ya wafanyakazi, asubuhi na jioni, kwa nauli inayolingana na daladala. Inatakiwa pia barabara ya lami yenye mabasi ya kuipelekea abiria kutoka mjini. Na ardhi kuzunguka stesheni itengwe kwa nyumba za ghorofa, soko na shule kabla madalali hawajaifikia. Halmashauri isitishe uuzaji wa viwanja Soga mwaka huu, mpango uwe mezani kwanza. Nanyi mliobaki nyumbani, diwani akija kuomba kura, mwulizeni habari ya treni kabla hajaketi.