Kibali cha Serikali na Ridhaa ya Mhadzabe

Mtafiti aendaye kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, hubeba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na aghalabu hudhani kwamba amekwisha kuruhusiwa. Dhana hiyo ina kasoro. Kibali humruhusu mtafiti kuuliza. Hakimlazimishi mwenyeji kujibu. Ridhaa ni mali ya mwenyeji, na haina budi kuombwa kwa lugha anayoimudu.

Suala hili linawagusa wanaisimu wa Kiswahili moja kwa moja. Kwa Mhadzabe, Kiswahili ni lugha ya pili, tena ndiyo lugha ya shule na ya ofisa wa serikali. Ombi linalotolewa kwa lugha hiyo huweza kusikika kama amri, na "ndiyo" inayopatikana ikawa ni adabu tu. Kwa hiyo mkalimani wa Kihadzabe ni sharti la ukweli wa data, wala bajeti isimhesabu kuwa ni anasa.

Mwaka 2017 Wasan wa Afrika ya Kusini walitangaza kanuni zao za utafiti, wakidai heshima, uaminifu, haki, uangalifu na utaratibu. Awali viongozi wao walikuwa wamelalamikia utafiti wa jenomu uliochapishwa mwaka 2010 pasipo wao kushauriwa.

Idara za Kiswahili zafaa kujifunza hapo. Tasnifu isikubaliwe kabla matokeo yake hayajasimuliwa Eyasi, kwa Kihadzabe, na wasimuliwa wakapewa nafasi ya kuyakosoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.