TAHARIRI: Amri ya Mahakama Si Ombi

Sheria ni msumeno, walisema wahenga, hukata mbele na nyuma. Lakini kwa miaka mingi msumeno huu nchini Kenya ulikata upande mmoja tu, upande wa mnyonge.

Wapenda haki wasiusahau mwaka 1989. Mwaka huo Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Jaji Norbury Dugdale aliitupilia mbali kesi hiyo, akisema kwamba mlalamishi hakuwa na haki ya kushtaki. Mwaka uo huo, katika kesi nyingine, jaji huyo alitamka kwamba kifungu cha 84 cha Katiba, kilichomwezesha raia kudai haki zake za msingi, hakikuwa na nguvu kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitekeleza. Haki ziliandikwa, mlango wa kuzidai ukatiwa kufuli. Wala si ajabu: mwaka 1988 Bunge lilikuwa limewanyang'anya majaji hakikisho la kudumu kazini, na halikuwarudishia hadi mwaka 1990.

Katiba ya mwaka 2010 ilivunja kufuli hilo. Kifungu cha 22 chamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya umma, bila kulipa ada ya kufungua kesi. Na kukosekana kwa kanuni hakumzuii. Tumeyaona matunda yake. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa Rais. Mwaka 2022 mahakama iyo hiyo iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa njia iliyowekewa wananchi.

Basi hatari imehama. Zamani mnyonge alifukuzwa mlangoni. Siku hizi husikilizwa, akapewa amri, kisha amri ikapuuzwa. Mwaka 2024 Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi alipuuza wito wa Mahakama Kuu mara kadhaa, alipotakiwa kueleza waliko watu 3 waliotekwa Kitengela. Mnamo Septemba alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau mahakama. Jaji aliyetoa hukumu hiyo akaondolewa walinzi wake! Baadaye afisa huyo aliomba radhi, na adhabu ikafutwa. Tujiulize: mama anayemtafuta mwanawe atashika nini, ikiwa karatasi yenye muhuri wa mahakama haina uzito?

Nasi pia msumeno watukata. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliokuwa umeibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Wengi wetu tuliumia. Twaweza kuikosoa hukumu hiyo kwa hoja, lakini tusiikatae kwa sababu tu imetushinda. Anayetii hukumu zinazompendeza peke yake hana tofauti na mtawala tunayemlaumu.

Mjane wa Luka 18 hakuwa na fedha wala jeshi. Alikuwa na miguu ya kurudi kwa kadhi kila siku. Makanisa na vikundi vyetu vifanye vivyo hivyo. Tuhudhurie kesi zinapotajwa. Tuandike kila amri, tarehe yake, na ofisi iliyoamriwa. Siku ya kutekelezwa ikipita kimya, twende katika ofisi hiyo kwa amani, tuulize mbele ya watu: imetekelezwa?

Amri ya mahakama si ombi. Anayeipuuza amewapuuza wananchi walioipitisha Katiba kwa kura zao.