Kwa Malaria Tunakimbia, kwa Sonona Tunangoja

Mtoto akichemka mwili usiku hapa Ujiji, hakuna mzee wa kanisa atakayemwambia mama yake asubiri maombezi ya Ijumaa. Tunamwombea huku tunatafuta bajaji. Lakini mtu mzima akikaa mwezi mzima hali vizuri, halali, hasemi, tunamwambia aongeze imani. Ni wapi katika Maandiko tulikofundishwa kwamba damu inastahili daktari na akili haistahili?

Tuanze kwa kujilaumu wenyewe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimama kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Nyumba nyingi za mialoni ziliingiwa na huzuni, na sababu ilijulikana: dagaa hakuna na madeni yapo. Wanaume walishona nyavu, wakaenda shamba, wakanung'unika sana vijiweni. Ziwa lilipofunguliwa, mitumbwi ikarudi majini na manung'uniko yakaisha.

Isipokuwa kwa baba mmoja wa usharika wetu. Wenzake walimpitia giza la kwanza, akasema hajisikii. Giza la pili, vivyo hivyo. Taa zake zikapata vumbi. Alikonda. Aliamka saa 9 usiku akakaa barazani mpaka kunakucha, na mwanawe mdogo alipompandia magotini hakuinua macho. Akamwambia mkewe kwamba nyumba ingepata nafuu bila yeye.

Tulikwenda kumwombea mara 3. Mara ya tatu, na tunaona aibu kuandika, tulimtaka aungame dhambi iliyofichika. Akaungama, maskini, hata mambo ambayo hakuyatenda. Maana ugonjwa huu wenyewe humfanya mtu ajione ana hatia pasipo hatia. Sisi tukadhani tumefika kwenye mzizi. Shemeji yake, Mwislamu, ndiye aliyempandisha bajaji akampeleka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Alituamkia kwa adabu zote, akapita.

Huko tukajifunza tulichopaswa kukijua. Huzuni ya kawaida hupanda na kushuka. Hata msibani mtu husikia utani akatabasamu, na siku zikipita hurudi kazini. Sonona haiachii. Ni hali inayomkalia mtu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi: moyo mzito, au kutofurahia tena lolote alilolipenda, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kumshinda, nguvu kuisha, kushindwa kuamua hata jambo dogo, kujiona hafai. Wengine hawasemi huzuni kabisa. Wanalalamika kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, wanapimwa malaria tena na tena na haionekani. Mama aliyejifungua karibuni naye asiambiwe kwamba anadeka. Wiki 2 zikitimia na mtu hawezi kazi zake, aende hospitali. Akitaja kufa, au akisema wenzake wangekuwa heri bila yeye, hakuna cha wiki 2: ni siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na dawa za kuulia wadudu ziondolewe nyumbani.

Wako watakaosema daktari ni kwa wasio na imani. Na wasome habari za Eliya chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19. Nabii aliyetoka kushinda pale Karmeli anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamuulizi dhambi yake. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamlisha tena. Mazungumzo yanakuja baadaye, Horebu. Luther naye alipita gizani mwaka 1527, na mwaka 1530 alimwandikia kijana Weller, aliyelemewa na huzuni, akimsihi akimbie upweke. Sisi Walutheri wa Tanzania tunayo Lutindi, kule Korogwe milimani, hospitali ya kanisa letu ya wagonjwa wa akili. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Watu wa Ujiji, mji wa misafara ile ya watumwa, tungepaswa kulijua jina hilo vizuri kuliko wengine.

Na kuna jambo linalotukasirisha zaidi. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi. Katikati ya wiki hizo anatokea mwombaji, anamwambia mgonjwa atupe vidonge ili athibitishe kwamba amepona. Huyo anamjaribu Mungu kwa uhai wa mtu mwingine. Likimgeukia vibaya, yeye hatakuwapo. Atakuwa mkutano mwingine, mji mwingine, na miwani yake usoni, ambayo hajaitupa. Dawa huachwa kwa ushauri wa daktari. Maombi hayahitaji kuachwa.

Baba yule alirudi ziwani baada ya miezi kadhaa, kwanza kwa kusaidia kuanika dagaa, kisha usiku pamoja na wenzake. Jumapili moja alisimama kutoa shukrani. Aliwashukuru wachungaji kwa maombi yao. Shemeji yake hakutajwa. Usharika wote ukasema amina, na sisi tukasema nao. Jumatatu tulikwenda kwa shemeji.