Kabati Kuukuu la Jikoni Lisitupwe

Msimu wa alizeti unapomalizika na fedha kidogo kuingia nyumbani, suala la kabati la jikoni huibuka tena. Milango imeinama, rangi imefifia, bawaba zinalia. Mama anataka jipya, na ana haki, kwani ndiye anayeshinda humo. Baba anaziwaza ada za Januari. Kabla hawajavutana, walifungue hilo kuukuu na kulichunguza kwa ndani. Ikiwa kiunzi chake ni cha mninga, basi ni imara kuliko mengi ya dukani yaliyoundwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi ya kung'aa. Hayo yakipata maji hufura, na yakishafura hayarudi.

Kinachochakaa kwanza ni uso, na hapa Singida mafuta yetu ya alizeti yanahusika. Mvuke wa kukaangia hutua juu ya milango, na mafuta haya yakikaa hewani hugeuka utando wa manjano unaonata, ukadaka kila vumbi linaloletwa na upepo. Rangi ikipakwa juu ya utando huo itabanduka, hata iwe ya bei gani. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuosha: maji ya moto, sabuni, na kitambaa kilichokamuliwa vyema, maana mbao haipendi kuloweshwa. Ikishakauka ipigwe msasa namba 120, kisha namba 220, mpaka mng'ao wa zamani utoweke, na vumbi lote lifutwe.

Mlango ulioinama aghalabu si mbovu; matundu ya skrubu ndiyo yaliyopanuka. Yajazwe njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, ziachwe usiku kucha, zinazochomoza zikatwe, kisha skrubu zirudishwe. Kazi hii haihitaji fundi.

Milango mitupu ya plaiwudi hupata sura mpya kwa kuzungushiwa fremu ya vipande vyembamba, upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Mafundi hupenda kuziunganisha kona kwa nyuzi 45. Kwa asiyezoea msumeno, mimi sioni sababu ya kujitesa hivyo: vipande viwili vya wima vichukue urefu wote wa mlango, na vya ulalo vikae katikati yake. Vishikwe kwa gundi na misumari midogo, vichwa vyake vizamishwe na kufunikwa kwa puti. Bawaba zikiwa za nje, ziachiwe nafasi yake.

Majira nayo yazingatiwe. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, hasa kwa upana wake. Mlango unaokwama Februari usikimbiliwe na randa, kwani Julai huenda ukafunguka wenyewe, na uliorandwa utabaki na mwanya. Vivyo hivyo, vipande vibichi vikipigiliwa leo vitaachana kesho. Vilazwe kivulini majuma kadhaa kwanza.

Rangi ya mafuta ipakwe kiangazi, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, madirisha yakiwa wazi na vyakula vikiwa vimetolewa. Mikono miwili myepesi hushinda mmoja mzito. Vishikio vifungwe mwisho kabisa, na milango iachwe wazi siku mbili tatu, isije ikagandamana na kiunzi.