Kuitembelea Bustani ya Mkusanya Mimea

Mgeni aingiapo katika bustani iliyokomaa huvutiwa kwanza na maua na vivuli. Lakini hazina kubwa haionekani kwa macho: ni elimu ya mwenyewe juu ya kila mmea, ulikotoka na unachofaa.

Dakta John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, alikuwa na bustani yake Mbweni. Mimea aliyoikusanya aliipeleka Kew, London. Ua mojawapo lilipewa jina la Sultani wa Zanzibar mwaka 1882, na hadi leo hupandwa vyunguni duniani kote. Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886. Kumbukumbu alizoziandika zikabaki.

Sisi wa Nkombo, kisiwani katika Ziwa Kivu, ardhi yetu ni haba, lakini wazee wetu nao ni wakusanyaji. Umuravumba, dawa ya tangu jadi Rwanda, ulichunguzwa na wataalamu wa Butare katika miaka ya 1980, wakaona una nguvu dhidi ya vijidudu. Elimu hiyo ilianzia kwa waganga wa vijijini.

Basi uendapo kwa mzee, chukua daftari. Usichume jani bila idhini. Andika jina kwa lugha ya kisiwani na kwa Kinyarwanda, sehemu itumikayo, na maonyo yake, kwani mimea mingine ni sumu. Ukipewa kipandikizi, nawe peleka kingine. Mzee akifariki kabla hujamwuliza, mche utaendelea kumea, bali manufaa yake yatakuwa yamezikwa naye.