Kilima cha Nyasi Hakiko Uchi

Mweleze mtu yeyote hapa Mwakiro, kaskazini mashariki mwa Burundi, kwamba kilima fulani kimejaa nyasi tupu, na jibu litakuja lilelile: basi kipandwe miti. Imani hii inasikika Muyinga, inasikika Gitega, na tangu kampeni ya kupanda miti ya Ewe Burundi Urambaye ianze mwaka 2018 imepata nguvu zaidi. Nia ya kampeni ni njema. Lakini eti kila mti ni faida popote unaposimama? Hapana.

Chuchumaa kwenye mteremko wa nyasi mvua za kwanza zikishanyesha. Moto wa kiangazi umeacha ardhi nyeusi, na humo yanachomoza maua kutoka kwenye vitunguu vilivyojificha chini, na vijiti vifupi ambavyo shina lake kubwa liko ardhini. Mimea hiyo inataka jua. Panda mikaratusi juu yake, na miaka michache baadaye utaokota majani makavu na maganda, basi. Kwa mbali kilima kitaonekana kijani, na mgeni wa serikali atapiga makofi.

Mimea ya kilima kama hicho ni jamii, na kuitambua jamii ya mimea ni zaidi ya kuona mti mmoja adimu. Unapima kipande cha ardhi, unaandika kila mmea uliomo na nafasi unayoshika, unaangalia udongo, maji na mwinuko, kisha unarudia kwingine mpaka uone ni ipi inayokaa pamoja. Mwaka 1972 Jean Lewalle alichapisha utafiti kuhusu matabaka ya uoto wa magharibi mwa Burundi, ambako ardhi inapanda kutoka ufukwe wa Tanganyika hadi kwenye mgongo wa milima unaotenganisha maji ya Kongo na ya Nile. Upande wetu wa mashariki tuna Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, zaidi ya hekta 50,000, iliyoanzishwa mwaka 1980. Vizuri. Lakini vilele vya mawe, mafunjo na vichaka vya mitoni vilivyo nje ya mpaka wake, nani ameviandika? Kisichoandikwa huitwa pori, na pori hugawiwa.

Wataniambia watu wanahitaji kuni na nguzo. Kweli kabisa, na mkaratusi ukikatwa unachipua tena. Sina ugomvi nao ukiwa kwenye shamba lililochoka au pembeni mwa barabara. Afrika Kusini, nchi yenye mashamba makubwa ya mikaratusi na misonobari, tangu 1995 inalipa watu kung'oa miti ya kigeni iliyovamia mabonde yake, kwa sababu miti hiyo inakunywa maji ya mito. Sisi tunaipanda hadi ukingoni mwa kinamasi.

Kabla lori la miche halijashusha mzigo, ofisi ya mazingira itume mtu anayejua mimea apite kilima hicho, akiandamana na wachungaji na akina mama wanaochimba dawa. Wao wanajua kipi kinaota wapi. Mpaka sasa wanaitwa siku ya kuchimba mashimo tu.