Kabla hujapanda boti, mwambie yeyo jina la boti

Nilikuwa kimya kwa sababu ya test na kazi za vikundi (vikundi ambavyo nafanya peke yangu, mnajijua). Leo nimerudi na hoja.

Darasa letu lina ziara ya Zanzibar baada ya UE. Kwenye kundi letu la WhatsApp mjadala ni nguo za kupigia picha Forodhani na nani atarusha status ya kwanza akiwa juu ya boti. Sawa, raha jipe mwenyewe. Nikauliza swali dogo tu: nyumbani wanajua? Mmoja akanijibu, "wataona status." Jamani! Wa kwenu wataona. Wa kwangu ataonea wapi?

Kwa wasiojua, kwetu ni Olbalbal, kule chini ukishavuka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, bonde ambalo korongo la Olduvai humwaga maji yake kukiwa na mvua. Yeyo, yaani mama yangu, ana simu ya tochi. Chaji ni ya sola, na mtandao kwetu haupatikani ndani ya boma, mpaka upande kilimani. Kusoma hasomi, kwa hiyo SMS ikiingia anatafutwa mtoto wa shule aisome. Muhula uliopita niliandika, "nimefika salama, nina njaa tu hahaha." Mtoto akasoma njaa, ile hahaha akaiacha. Kesho yake kaka akauza mbuzi, elfu 50 ikaingia kwenye M-Pesa. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana yule mbuzi namjua.

Msimamo wangu ni huu: anayesafiri majini apige simu, sauti kabisa, kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Na aseme jina la chombo na saa kinapoondoka. Msinione mchawi. MV Skagit ilizama 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar kwenda Unguja, njia hiyohiyo tutakayopita sisi. Mwaka mmoja kabla, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi, na orodha ya abiria haikulingana na waliokuwemo. MV Nyerere kule Ukara, 20 Septemba 2018, iliruhusiwa kubeba watu 101, wakafa zaidi ya 220. Fikiria familia ambayo haikujua hata kama mtoto wao alikuwa ndani. Wanaanzia wapi kuuliza?

Najua boti za sasa za Dar na Unguja ni za kasi, kama saa 2 hivi umefika. Ila katikati ya bahari simu inakata, na mtu wa bara anayepiga akaambiwa hupatikani hawezi kujua kuwa ni minara tu iko mbali. Wale watalii wa meli kubwa zinazotia nanga Zanzibar wana intaneti ya setilaiti, wanalipia. Sisi tuna bando la wiki.

Kingine ni muda. Ukipiga saa 12 jioni kwetu umepiga bure, mifugo inarudi, watu wanakamua, hakuna aliye kilimani. Mimi na yeyo tuna saa yetu: saa 4 asubuhi, ng'ombe wakishaenda malishoni. Boti ya saa 1 asubuhi itakuwa imeshafika Malindi. Na usibipu! Kubipu kulikuwa na maana kwa mwenye vocha upande wa pili, yeyo akiona bip anajua kuna msiba.

Halafu weka dakika za kutosha. Kimasai habari haziulizwi kwa sekunde 30. Takwenya, iko, kisha mvua, majani, ndama, watoto, kokoo na mguu wake. Ukikata kwenye ndama umemkosea heshima.

Kuna rafiki anasema kuwaambia wazee unapanda boti ni kuwatia presha bure, bora wasikie ukiwa umerudi. Sikubaliani naye hata kidogo. Kaka yangu mkubwa ni mlinzi Unguja, amevuka bahari mara nyingi, na kila mara yeyo anajua. Presha yake iko kwenye ukimya. Na tangu 2022 kuna familia za kwetu zimegawanyika, wengine wako Olbalbal, wengine wamehamia Msomera kule Handeni, kwa hiyo simu moja ya yeyo ndiyo inapeleka habari pande zote mbili. Ukimwambia yeye umewaambia wote, tena kwa haraka kuliko kundi la WhatsApp.

Viongozi wa ziara, naomba mtupe jina la boti na saa siku 2 kabla, maana mimi lazima nimpate yeyo akiwa kilimani. Wa Pemba na wa Ukerewe mliomo humu, ninyi mnafanyaje? Niandikieni hapo chini.

Nina test ya Saikolojia saa 8, wacha niwahi kiti cha nyuma.